Mkasi wa Futibhai

Kacha. Mara moja tu, hewani, kabla kitambaa hakijaguswa. Hivyo ndivyo Chunilal, fundi cherehani wa Biashara Street, alivyoujaribu mkasi wake kila asubuhi, sikio limeinama, akisikiliza kama pande zake mbili bado zinapatana. Mwanawe Kailash alikua akiusikia mlio huo. Na ni yeye aliyeuharibu.

Kailash alikuwa mwalimu. Alifundisha Kiswahili miaka minne katika shule moja ya sekondari karibu na Woodley. Siku ya kwanza wanafunzi walishangaa kumwona Mhindi akiandika insha ya mfano ubaoni bila kusita. Kufikia Ijumaa walikuwa wamesahau kushangaa, wakamwogopa kama walivyomwogopa mwalimu mwingine yeyote. Hakuwahi tena kupewa heshima kubwa kama hiyo.

Mwaka 1984 mtu wa televisheni alimwona katika mchezo wa shule, akamwita kujaribiwa kwenye kipindi cha vichekesho. Alitakiwa Mhindi muuza vitambaa, mwongo, mwenye futi ya kupimia shingoni, aitwaye Futibhai. Kailash aliyasoma maneno yake kwa Kiswahili chake mwenyewe na chumba kikabaki kimya. Akaombwa ayavunje. Akayavunja. Tena akaongeza mkasi wa baba yake, aliokuwa akiuazima siku za kurekodi: kila Futibhai alipotaka kudanganya, aliupiga hewani kwanza, kacha, kisha, "Veve mama yangu kabisa, mimi hapana punja veve." Mpiga picha alicheka mpaka kamera ikatikisika.

Alipoacha ualimu alijiambia kwamba angerudi Januari. Januari nane zikapita.

Mjini hapakuwa na pa kujificha. Akiagiza chai, mhudumu alimuuliza, "Veve nataka sukari ngapi?" na meza zote zikageuka. Akiuliza bei ya mchicha kwa sauti yake, mwuzaji alingoja huku akitabasamu, mpaka aulize tena vizuri, yaani vibaya. Naye aliuliza tena, kwa sababu alihitaji mchicha. Wateja wa Biashara Street nao walianza kumwomba Chunilal awapigie mkasi wacheke kidogo. Mzee hakulalamika, ila aliacha kuujaribu. Tangu hapo alikata bila kusikiliza kwanza, na mara mbili tatu Kailash aliona ukingo wa koti umekwenda upande.

Mtu mmoja tu katika kipindi alimwita Mwalimu. Huyo alikuwa Peres Awiti, aliyecheza mteja anayepunjwa kila wiki na kurudi kila wiki.

Mwaka 1992 alikuja Muthoni, zamani mwanafunzi wake, sasa mwenye filamu yake ya kwanza ya kuongoza. Alitaka mwalimu. Hakutaka mtu wa kuchekesha, alisema, alitaka yule aliyemrudishia insha yake mara tatu. Kailash alikubali kabla Muthoni hajamaliza kueleza.

Asubuhi ya kwenda kupiga filamu hiyo alikutana na Peres mtaani Hurlingham, mbele ya maduka. Peres akamtazama juu mpaka chini.

"Mwalimu, tai hii ni ya harusi ama ya kortini?"

"Ya darasani."

Peres hakucheka. Alikaribia, akainyoosha tai ile, akaenda zake.

Walipiga picha Muthangari, katika nyumba ya kukodi ambayo sebule yake ilikuwa imegeuzwa darasa. Katika hadithi, msichana anarudi shuleni baada ya kumzika mama yake, kichwa kimenyolewa kama desturi ya kwao inavyotaka. Wenzake wanamcheka. Anakusanya vitabu, anasimama aondoke. Mwalimu, uso wake ukionekana kwa upande, bila kugeuka kutoka ubaoni, anasema maneno matatu: "Kaa. Darasa halijaisha." Kailash aliyasema mara moja tu. Muthoni alichelewa kusimamisha kamera.

Filamu ilionyeshwa kwa majaribio katika ukumbi mdogo mjini. Msichana aliposimama, ukumbi ulinyamaza. Mwalimu alipofungua kinywa, ukumbi ulilipuka. Mtu wa nyuma alipaza sauti, "Futibhai, mpime kichwa!" na watu wakashikana mabega kwa kicheko. Kailash alikuwa ameketi safu ya tatu, tai shingoni.

Wiki mbili baadaye Muthoni alimwita. Alizungumza akitazama mikono yake.

"Mwalimu, nimekataa mpaka nimeshindwa. Wenye pesa za filamu wanasema kama watu watacheka tu, basi wacheke tukiwa tumepanga."

Walitaka Kailash arekodi upya sauti yake juu ya picha, awe Futibhai aliyejipatia kazi ya kufundisha. Kailash aliuliza ingekuwaje akikataa. Muthoni alieleza kwamba wangemleta mwingine wa kumwiga. Hilo lilikuwa rahisi, maana hata watoto wa Woodley walimweza Futibhai. Kailash aliona kinywa chake kikubwa kwenye pazia jeupe, na ndani yake mtu mwingine.

Akaenda. Studio ilikuwa chumba kimoja kisicho na dirisha, kuta zimebandikwa trei za mayai. Zedekiah, fundi wa sauti, alimpa kiti mbele ya maikrofoni. Alipofungua mfuko wake kutafuta miwani, Kailash aliukuta mkasi. Hakuna aliyemwambia aulete. Alikuwa ameuchukua mezani kwa baba yake asubuhi ile kwa mazoea tu.

Kacha. "Kaa veve, darasa hapana kwisha." Maneno yalikuwa mengi kuliko kinywa kilichoonekana, ikambidi ayakimbize. Walirudia mara nne. Mara ya nne Zedekiah alicheka ndani ya kiganja, akainua kidole gumba. Muthoni alikuwa ameshatoka nje.

"Sasa naomba kimya, nusu dakika tu," Zedekiah alisema. Ndiyo kazi ya mafundi wa sauti: hurekodi ukimya wa chumba, wautandike chini ya maneno, ili mahali palipokatwa pasisikike. "Usisogee hata kidogo, Futibhai."

Utepe ukaanza kuzunguka. Mbele yao picha ilikuwa imerudi mwanzo, bila sauti: msichana amesimama, vitabu kifuani, kichwa kinang'aa. Kailash aliulaza mkasi mapajani. Kinywa chake kwenye picha kilipofunguka, aliinamia maikrofoni na kusema, chini kabisa, "Kaa. Darasa halijaisha."