Nati za Mashine ya Salfa

Mashine ya salfa haitulii na nati zake. Ukizikaza alfajiri kwa nguvu zako zote, jua likichomoza zimeshaanza kufunguka. Inaning'inia nyuma ya trekta kwa mikono mitatu ya chuma, feni yake inazunguka kwa kasi, na mtikisiko wote huo unaishia kwenye nati. Nimetembea nyuma yake misimu mingi, spana mkononi, kitenge puani. Nimechoka. Nasema hivyo hata kabla sijaanza kusimulia.

Trekta ni la kaka yangu. Yeye anaendesha, mimi nakaza. Tunapulizia mikorosho ya watu kuanzia Chiungutwa hadi huku juu Newala, miezi ile maua yanapotoka na ugonjwa wa ubwiri unga unayanyemelea. Kazi ni ya alfajiri, upepo haujaamka na majani bado yana umande, maana hapo ndipo unga wa salfa unashika.

Nilijaribu kila kitu. Washa za springi. Nati mbili zibanane kwenye bolti moja. Nati zenye plastiki ndani, ambazo ukizifungua mara mbili tatu hazina maana tena. Fundi mmoja wa Mkomaindo alituambia tupake grisi ili salfa isizile. Tukapaka, zikafunguka upesi kuliko mwanzo, na grisi yenyewe ikawa uji wa njano. Kilichonisaidia ni rangi ya kucha. Nikishakaza, nachora mstari mwekundu kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Kaka alinicheka, akasema mashine yake sasa inakwenda harusini.

Yeye zamani hakuhitaji mistari. Alikuwa anasikia. Nati ikilegea kidogo tu anazima injini, anashuka, anaiendea ileile. Kisha masikio yakaanza kuziba. Hakuniambia. Niligundua siku namwita kutoka nyuma, naita tena, hageuki. Nikanyamaza, kwa sababu mke wake alishafariki, watoto wako mbali, na kilichobaki kumtoa kitandani ni kile kiti cha trekta. Wenye mashamba wakijua dereva hasikii, nani atamruhusu aingie kwenye mikorosho yake?

Salamu ndizo zilizomficha. Huku kwetu hupiti mbele ya mtu mzima bila shikamoo, na jibu unalijua kabla halijatoka. Kaka anapunguza mwendo, anainamisha kichwa, "Shikamoo, mama," anasubiri kidogo, halafu, "Hatujambo, tunashukuru." Watu wakamsifu kwa adabu. Na mimi kila aliposimama kusalimu nilizunguka mashine na spana yangu. Tuliishi hivyo, na iliniuma.

Msimu uliopita tulikuwa kwenye shamba la bibi mmoja wa Newala. Ukungu ulikuwa mzito. Nilibaki pembezoni, hatua chache tu nyuma, nafungua mifuko ya salfa, kaka akatangulia. Bibi alikuwa anapita katikati ya mistari ya mikorosho na ndoo ya maji kichwani. Kaka akapunguza mwendo, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bibi."

"Mwanangu, simama. Chombo chako kinadondoka huko nyuma."

"Hatujambo, bibi. Tunashukuru."

Akaongeza mwendo.

Nilikimbia nikipiga kelele, kama vile kelele zingefaa kitu. Mkono mmoja wa chuma ukachomoka, mashine ikalala ubavu, ikagonga mkorosho na kuvunja tawi zima lililojaa maua. Injini ikajizima.

Bibi alitua ndoo. Alimtazama kaka, akanitazama mimi.

"Hasikii huyu," akasema, bila hasira. "Tangu lini?"

Nilitaka kudanganya, lakini hata nguvu za kudanganya sikuwa nazo. "Muda mrefu, bibi."

Kaka alikuwa anatazama midomo yetu. Akashuka polepole, akaliangalia lile tawi. Hakuuliza tumesema nini. Alichomoa ufunguo, akauweka kiganjani mwangu na kunikunja vidole.

"Endesha wewe," akasema kwa sauti kubwa, kama anavyosema siku hizi. "Mimi nitakaza."

Nilitikisa kichwa kukataa, lakini alishaichukua spana. Tuliinyanyua mashine sote watatu, bibi naye akisukuma, kisha kaka akaikaza mwenyewe huku amenipa mgongo muda wote. Bibi alisema tuendelee, upepo haujafika bado.

Nikapanda. Kiti kilikuwa kimebonyea kwa umbo lake. Nililia, sikujificha. Nikawasha, nikageuka kuangalia nyuma: kaka ameinama karibu mno na feni, anatazama nati. Nikafungua mdomo nimwambie asogee.

Nikazima injini, nikashuka, nikamshika mkono, nikamsogeza.