Fundi Aliyeketi Kwenye Kiti Changu

Fundi wa mitandao aliyekuja kuunganisha kompyuta za ofisi zetu mbili hupangusa meza kwa kiganja kabla ya kuweka chochote, hata ikiwa safi. Kucha zake zimekatwa hadi nyamani, na huongea taratibu kama anayembembeleza mgonjwa. Nilimchukia tangu alipoketi kwenye kiti changu. Wiki tatu nzima nilikuwa nikimwambia bosi haiwezekani: sisi tuna intaneti yetu, wa ng'ambo ya barabara wana yao, na kila nikiziunganisha zinagoma. Yeye alisoma mipangilio yangu mstari kwa mstari, midomo ikichezacheza, kisha akaninong'oneza, "Ofisi zote mbili umezipa anwani moja, ndugu yangu. Zinachanganyana." Akabadilisha tarakimu moja tu, na mafaili ya ng'ambo yakajipanga kwenye skrini.

Bosi alikuja mbio. "Umewezaje, fundi?"

"Kazi nimeikuta imeshafanywa, mama," akajibu, akinionyesha kwa kidevu. "Huyu hapa. Mimi nimegusa tu."

Nikapigiwa makofi na ofisi nzima. Nilitabasamu hadi mashavu yakauma. Laiti angejisifu kidogo, ningepata pa kuishikiza chuki yangu.