Dakika Sita za Mashine ya Nyasi

"Mami, hiyo boma imekushinda."

Hivyo ndivyo mwanangu alivyoniambia kwa simu siku ya Jumatatu, kwa ile sauti ya upole ambayo watoto huanza kuitumia wakifikisha umri wa kukuamulia mambo. Mtu wa kanisani kwetu alikuwa amemtumia picha ya lango langu. Lango lenyewe halikuonekana. Kilichoonekana ni nyasi zilizofika magotini, na kuku wangu mmoja aliyechomoza kichwa katikati yake.

Mpango alikuwa nao tayari. Chumba cha wageni katika nyumba yao ya Nairobi, ghorofa ya saba, kilikuwa kimepakwa rangi mpya, rangi niipendayo. Angekuja Jumapili tuongee. Ninajua maana ya "tuongee". Mtu akisafiri kutoka Nairobi hadi Nyeri kuja kuongea, ujue ameshamaliza kuongea na mkewe.

"Njoo," nikamwambia. "Utakuta nyasi zimekatwa, na nitazikata mimi mwenyewe." Nikakata simu kabla hajauliza nitazikata na nini.

Lilikuwa swali la haki. Marehemu mume wangu ndiye aliyekuwa akikata nyasi, kila baada ya wiki mbili, kwa mashine nyekundu ya petroli ya kusukuma, yenye magurudumu manne. Alipofariki, nilimpata mtu wa kufyeka kwa mkono, akawa anakuja anapojisikia, halafu akapata kazi ya mjengo Nanyuki asirudi tena. Mashine ilikuwa stoo, kando ya pipa la unga, imefunikwa gunia.

Lazima niseme pia kwamba nilifundisha fizikia miaka ishirini na minane, katika shule za sekondari kati ya Karatina na Kiganjo. Sijitapi. Ninalitaja kwa sababu litahitajika mbele, na litaniaibisha.

Jumanne asubuhi niliitoa mashine, nikatia petroli mpya, nikavuta kamba mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ikanguruma. Nilipiga kelele ya furaha kama msichana. Nikasukuma kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye mparachichi, nikageuka, nikarudi, na nilipokuwa naanza mstari mwingine ikakohoa mara tatu, ikazima.

Nikafungua kifuniko cha tangi. Petroli ilikuwa tele. Nikafunga, nikavuta kamba, ikanguruma tena. Ikakata, ikakohoa, ikazima. Safari hii niliangalia saa, maana mwalimu hastaafu kabisa. Dakika sita. Nikaleta daftari nikaandika: jaribio la pili, dakika sita. La tatu, baada ya kuchungulia tangi tena, dakika sita. La nne ilikataa kuwaka hata kidogo, nikaitukana kwa Kigikuyu, nikafungua tangi kuona kama petroli imeisha, nikafunga, ikawaka. Dakika sita. Kufikia saa sita mchana bega langu la kulia lilikuwa halinyanyui hata kikombe, na boma langu lilifanana na kichwa cha mtu ambaye stima ilipotea akiwa kwa kinyozi.

Jumatano jirani yangu alikuja bila kuitwa. Ni dereva mstaafu wa malori ya serikali, shemasi, na mtu mwema, ila hajawahi kusikia tatizo lisilo na jibu lake. Alisema kilichomleta si kelele ya mashine bali kunyamaza kwake.

"Mwalimu, hiyo ni kabureta," alisema kabla hata hajafika. "Mafuta iko?"

Akafungua tangi, akachungulia, akafunga. Kisha akaifumua ile kabureta na kuvipanga vipande vyake kwenye sinia yangu ya chai, akivipuliza kimoja kimoja kwa mdomo, mashavu yamefura. Springi moja ndogo iliruka ikapotelea kwenye nyasi. Tukapiga magoti sote wawili kuitafuta, watu wazima wenye magoti ya kuugua, kwa karibu saa nzima. Aliyepita barabarani angedhani tuko kwenye maombi.

Ilipopatikana akarudisha kila kitu, akavuta kamba, ikanguruma. Akainua mikono juu kama refa, nikamletea chai. Kikombe kilikuwa nusu mashine ilipokohoa. Aliitazama, akakitazama kikombe, akaamua kwanza amalize.

"Basi hiyo ni petroli," akasema. "Petroli ya siku hizi ni maji, mwalimu."

Tukamwaga petroli yote, tukatia nyingine aliyoichota kwenye gari lake mwenyewe. Ikawaka. Dakika sita. Aliaga akisema ana mkutano wa kanisa, na nadhani mkutano huo aliupanga akiwa getini.

Alhamisi niliipeleka mashine kwa fundi Kiganjo. Ilifungwa kwa mipira ya baiskeli nyuma ya bodaboda moja, nami nikapanda bodaboda ya pili nyuma yake, tukaenda kama msafara wa mkubwa na mlinzi wake, ila mkubwa alikuwa mashine. Kikundi cha makurutu wa polisi waliokuwa wakikimbia mazoezi walitugeukia wote kwa pamoja. Sikuwaangalia. Nina shingo ngumu, nashukuru Mungu.

Fundi huyo ni mtu mzima mwenye upara na watoto watatu, lakini mimi bado ninamwona na kaptula. Nilimfundisha miaka minne, na mwishoni nilimwambia mbele ya darasa zima kwamba yeye na fizikia waachane kwa amani. Alinipokea kwa mikono miwili.

"Mwalimu! Hiyo ni kazi kidogo tu." Akafungua tangi, akatikisa, akafunga. Akatoa plagi, akaipiga msasa, akaikataa, akaweka mpya. Akavuta kamba mara moja tu, ikawaka. Wateja wengine wakatikisa vichwa kwa heshima. "Umeona? Ni plagi ilikuwa imekufa."

"Iache ingurume," nikasema, nikatoa saa.

"Mwalimu, hii iko sawa kabisa."

"Iache."

Tukaisubiri. Alianza kazi ya pikipiki ya mteja mwingine, akipiga mluzi. Ilipofika dakika ya sita mashine ikakohoa, na mluzi ukakatika.

"Hii machine imechoka," akasema hatimaye. "Ni ya kitambo."

"Mashine haichoki," nikamjibu, na nikasikia ile sauti yangu ya darasani ikitoka yenyewe. "Mashine hukosa kitu."

"Sasa inakosa nini, mwalimu?"

Aliniuliza kwa adabu kabisa, na hilo ndilo lililoniuma. Nilirudi nyumbani na msafara wangu, na safari hii sikujali nani ananiangalia.

Ijumaa sikuigusa. Nilikaa kwenye ngazi za jikoni nikitazama zile nyasi zilizonyolewa nusu, na niliogopa. Sikuziogopa nyasi. Nilikuwa nimekaa siku tano katika ile nyumba ya Nairobi wakati wa Pasaka, na hakuna aliyenikosea jambo lolote. Mkamwana wangu aliniletea maziwa ya moto bila kuombwa. Nikigusa sufuria, ananinyang'anya kwa heshima. Walinifunika blanketi miguuni saa nane mchana. Madirisha yalikuwa na vyuma, kwa ajili ya usalama wa watoto, kwa hiyo yalifunguka upana wa kiganja tu. Siku ya tatu nilikuwa nasinzia saa nne asubuhi, na siku ya nne nilijikuta naomba ruhusa ya kushuka ngazi. Mimi, niliyewahi kunyamazisha mabweni mawili kwa kusafisha koo tu.

Nilijua mwanangu akikuta nyasi ziko nusu, sitakuwa na la kumwambia. Ningepakia nguo.

Jumamosi asubuhi niliamua kupika mapema, ili angalau akute mboga. Mafuta ya kupikia yalikuwa yameisha. Nikachukua mkebe mpya, nikatoboa kwa msumari na nyundo, nikainamisha juu ya sufuria ya vitunguu. Yakatoka kidogo. Yakakwama. Yakafanya *glu*, yakatoka kidogo tena, yakakwama. Nikauweka mkebe mezani, nikashika msumari nitoboe tundu la pili, na mkono ukabaki hewani.

Kwa nini mkebe wa mafuta hutobolewa matundu mawili? Alama tatu. Swali hilo nililitunga mimi, nikalirudia kila mwaka kwa kidato cha kwanza, na niliwahi kupiga meza kofi kwa hasira mtu alipolikosa. Mafuta hayatoki kama hewa haiingii kuchukua nafasi yake.

Nilitoka nje mbio na nyundo mkononi, vitunguu nikaviachia moto. Nilifungua kifuniko cha tangi, na kwa mara ya kwanza wiki nzima sikuangalia ndani ya tangi, nikaangalia kifuniko. Juu kina kitundu kidogo cha kupumulia. Ndani, kimebanwa sawasawa kabisa, kulikuwa na kiduara cha karatasi ya mkate, ile ya plastiki laini inayoonyesha ng'ambo, kilichokatwa kwa makasi vizuri sana.

Makasi yalikuwa yangu.

Kwetu kifuniko hakiaminiwi peke yake. Mama yangu alipopeleka maziwa kwenye gari la ushirika, aliweka kipande cha karatasi mdomoni mwa mtungi ndipo akafunga, na tone halikumwagika njia nzima. Mimi hufanya hivyo kwa mtungi wa maji, kwa chupa ya uji, kwa kila kitu. Mvua za masika zilipoanza, ugali wangu ulinuka petroli kwa sababu mashine ilikaa karibu na unga, nami nikaiziba. Niliiziba vizuri, maana mimi ni mtu makini. Kila aliyefungua tangi aliiachia pumzi moja ya dakika sita, kisha akasifiwa kwa plagi au kabureta.

Nilicheka mpaka jirani akaita juu ya ua, "Mwalimu, uko sawa?"

"Niko sawa," nikasema. Kilichokuwa kwenye kifuniko hakikumhusu.

Kisha nikakibandua kile kiduara, nikavuta kamba, nikakata. Dakika sita zikapita, na sikuweza kupumua mpaka ilipofika saba. Ilipofika ishirini niliacha kuangalia saa. Nilipofika chini ya mparachichi, pale mume wangu alipokuwa akisimama kupangusa shingo, nililia kidogo, lakini sikusimama. Vitunguu viliungua kabisa na sufuria nikaitupa.

Jioni nilimpigia fundi, kwa sababu nilikuwa na deni la jibu. "Ilikosa hewa," nikamwambia. "Kifuniko kilikuwa kimezibwa."

"Ai, mwalimu. Si hiyo ni ile swali ya mkebe na matundu mbili?"

"Ndiyo."

"Hiyo ndio moja tu nilipata."

Mwanangu alifika Jumapili baada ya kanisa. Alisimama getini muda mrefu. Akatembea boma lote, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule, akitafuta mahali palipoachwa. Hapakuwepo. Kuku sasa alionekana mpaka miguu.

"Umeita nani?"

"Sikuita mtu."

"Na machine? Nimesikia imekusumbua wiki yote." Bila shaka aliyemwambia ni yule yule wa picha. "Ilikuwa nini?"

Niliingia ndani, nikatoa kile kiduara nilichokihifadhi kwenye daftari, nikampa. Alikiinua kwenye mwanga.

"Hii ni karatasi ya mkate. Nani aliweka hii kwa tangi?"

"Mimi."

"Kwa nini, Mami?"

"Nilikuwa naitunza."

Alikitazama kile kikaratasi muda mrefu kuliko kilivyostahili. Yeye sikumfundisha mimi, alisomea shule nyingine, lakini si mtu wa kuelezwa mara mbili. Akakikunja, akakitia mfukoni mwa shati, tukaingia ndani. Alikula mboga za sufuria mpya, akasifu, akazungumzia kazi, watoto, bei ya mafuta ya gari. Chumba cha wageni hakukitaja. Nilingoja akitaje mpaka chai ikaja, nikiwa nimeshika kikombe kwa mikono miwili kama mgonjwa.

"Zile chuma za dirisha," akasema mwishowe, akiangalia nje. "Nitaambia fundi atoe za chumba chako. Ndio ukikuja kututembelea upate hewa."

Alisema *kututembelea*. Nililisikia vizuri. Nikainuka kumwongezea chai kabla hajauona uso wangu.