Papai Alilolikataa Mama

Nimeifuta ile picha ya mchana, ya Mama kakataa papai. Najua mlicheka. Hata mimi nilicheka.

Leo tulimtembeza kwenye shamba la matunda, huku Kibara.
Wote tunakula papai, yeye kalishika tu.

"Mama, unaogopa nini?" nikamtania.

Akamgeukia msimamizi wa shamba. "Migomba iliyokuwaga hapa iko wapi?"

"Iling'olewaga zamani, bibi, ikapandwa mipapai hii."

Hapo palikuwa kwetu kabla ya kuuzwa, enzi za ruksa, mwishoni mwa miaka ya themanini. Hilo nilijua.
Ila sikujua kwamba zamani mtoto mchanga akifa, walimzikaga kwenye migomba ya nyumbani.

Mama akaliweka papai chini, taratibu.

"Hospitali hakukuwa na dawa," akaniambia. "Kaka yako yuko hapa."

Jamani, mimi miaka yote najiitaga kifungua mimba wake.