Hamsini kwa Hesabu ya Maulidi

"Baba, wewe hukustaafu," akaniambia yule mama wa dirishani. "Wewe uliacha kazi."

Nilikuwa nimesimama ofisi ya pensheni tangu saa mbili asubuhi, nimevaa kanzu ya Ijumaa na siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Nikamwambia, mama, barua yangu hiyo hapo mbele yako, isome, imeandikwa nastaafu mapema kwa kuwa nimetimiza miaka hamsini. Akaisoma tena kwa kidole, mstari kwa mstari. Kisha akatoa nakala ya kipande changu, kile kitambulisho cha serikali, akainyoosha juu ya meza.

"Tarehe ya kuzaliwa ni hii. Siku uliyotoka kazini ni hii. Hesabu mwenyewe."

Nikahesabu kwa vidole. Arubaini na nane na nusu. Nikahesabu mara ya pili, ikawa ile ile.

"Anayetoka kabla ya hamsini amejiuzulu tu," akasema. "Pensheni ya kila mwezi hana. Utarudishiwa kile ulichokuwa ukikatwa, basi. Pole sana, baba."

Alikuwa mtu wa bara, ana msalaba mdogo shingoni, na pole yake ilikuwa ya kweli. Nalisema hilo kwa sababu ndiyo pole pekee niliyopewa na mtu wa ofisi katika jambo hili lote.

Mimi nilifanya kazi ya mitaro na mashimo ya maji machafu ya mji huu miaka ishirini na saba. Kisomo changu ni cha chuoni, Qurani, na skuli mpaka darasa la nne. Kazi yetu ilikuwa kushuka shimoni na ndoo na sepetu kuzibua kilichoziba. Watu wa Kizingo, mtaa wa matajiri, wakimwaga maji chooni hawajui yanakokwenda. Mimi najua, nimesimama ndani yake mpaka kifuani.

Siku moja tulipelekwa shimo la upande wa Mbaraki, mimi na mwenzangu ambaye tulianza naye tukiwa vibarua. Maji yalikuwa yamejaa barabarani na mkubwa mmoja alikuwa apite hapo saa sita. Nyapara akatwambia tushuke vivyo hivyo, bila kamba, bila barakoa za gesi. Mwenzangu akatangulia. Nikamsikia akikohoa mara mbili, kisha kimya. Nikashuka nimvute, na mimi nikaanguka. Waliotutoa ni wapita njia, kwa kamba ya mkokoteni. Mimi nilizindukana hospitali. Yeye alizikwa alasiri ile ile, niko kitandani, hata jeneza lake sikulishika.

Kukawa na kikao cha uchunguzi. Afisa wa wafanyikazi akaleta karatasi yenye sahihi yake, kwamba barakoa tulikuwa tumepewa. Nikasimama nikasema ukweli: zile barakoa tulivalishwa siku moja tu, siku ya kupigwa picha, na picha ilipokwisha zikarudi stoo na kufuli juu yake. Afisa akaandika kitu. Kikao kikafungwa, na sijasikia mpaka leo kilisema nini.

Tangu siku ile nyapara akawa anipanga kushuka kila wiki, na huku kifua changu ngazi za nyumbani tu zanipumzisha mara tatu. Daktari alinikataza mashimo. Nikimwonyesha nyapara cheti chake, hujibu, "Huyo daktari na aje ashuke yeye."

Basi tukaketi mimi na mamake watoto, tukapanga.

"Watu wasema mtu akifika hamsini aruhusiwa kutoka na pensheni yake," akasema. "Wewe wafika lini?"

"Maulidi haya yajayo."

"Una hakika?"

"Teremsha msahafu wa baba."

Akauteremsha kutoka juu ya kabati. Marehemu babangu alikuwa na ada ya wazee wote wa Mji wa Kale: kila mtoto akizaliwa, humwandika ndani ya jalada la msahafu, kwa mwezi wa Kiislamu na mwaka wa Hijra. Mimi ni mtoto wa mfunguo sita, mwezi wa maulidi. Mamangu hakunihesabia umri wangu kwa kitu kingine. Zikipigwa dufu za maulidi, hunipaka mafuta kichwani akasema, mwanangu umeongeza mmoja. Nami nimekwenda hivyo hivyo maisha yangu yote. Kipande ninacho, nambari yake naijua kwa moyo, lakini ile tarehe iliyoandikwa juu yake sikupata kuitazama kwa makini. Ilikuwa mambo ya askari na makarani.

Tukahesabu maulidi kwa maulidi mpaka tukatimiza hamsini. Hatukukosea hata moja.

Jambo tusilolifikiri ni kuwa mwaka wetu ni mfupi kuliko ule wa serikali. Kila mtoto wa kwetu ajua Ramadhani huja mapema kila mwaka, siku kumi, siku kumi na moja. Nimefunga kwenye joto, nimefunga kwenye mvua, naijua ikitembea. Sikujua kuwa umri wangu pia ulikuwa watembea nayo. Kwa miaka hamsini, siku hizo zimekuwa mwaka na nusu.

Mpango wetu ulikuwa mdogo. Pensheni ilipe kodi ya vyumba vyetu viwili. Kofia anazoshona mke wangu na kupeleka duka moja la Biashara Street zilete chakula, na mimi niketi nyumbani nizifue, nizitie wanga, nipumue. Sikutaka zaidi ya hapo.

Maulidi yalipopita, nikaenda kwa afisa wa wafanyikazi. Na hapa nataka msomaji anielewe. Huyu si mtu wa bara asiyejua mambo yetu. Ni mtoto wa mji huu huu, tulisoma chuo kimoja kwa mwalimu mmoja. Yeye akaendelea na skuli, mimi nikabaki. Kwao pia watoto wameandikwa msahafuni.

"Nimetimiza hamsini maulidi haya," nikamwambia. "Nataka kustaafu mapema."

"Maulidi haya?"

"Maulidi haya."

Akacheka kidogo, kwa pua. Akalifungua faili langu. Nakala ya kipande ilikuwa karatasi ya kwanza kabisa, naiona kutoka nilipoketi. Akaitazama, kisha akanitazama mimi. Akamwita karani. "Mwandikie shekhe barua yake, kama anavyosema mwenyewe. Usiongeze, usipunguze."

Nikaona nimefanyiwa hisani. Nilimwombea dua, mimi huyu, mikono juu, ndani ya ofisi yake.

Mwenzetu mmoja aliomba likizo ya kumzika mamake, barua ikakaa miezi mitatu. Yangu ilijibiwa siku ya tatu: kuondoka kwako kumekubaliwa. Nikaenda nayo barazani, wakanitania wiki nzima. "Haya mstaafu, kahawa ya leo juu yako." Nikawanunulia.

Nilipotoka kwa yule mama wa dirishani nilikwenda kwa afisa moja kwa moja, kwa miguu, na jua lile.

"Tarehe uliiona," nikamwambia.

"Shekhe, barua ni yako, na sahihi ni yako."

"Uliiona."

"Mimi si mwalimu wako wa hesabu."

"Basi nirudishe kazini huo mwaka na nusu. Hata kufagia stoo."

"Nafasi imeshajazwa." Imejazwa na shemeji wa nyapara. Nilimkuta mlangoni, amevaa viatu vya mpira vipya, ambavyo sisi tuliviomba tukachoka.

Nilipomweleza mke wangu hakulia. Alikuwa na sindano mkononi, akamaliza kiua alichokuwa anashona, ndipo akasema, "Yeye ajua hesabu zote mbili. Wewe wajua moja. Hapo ndipo alipokushikia." Tangu siku ile yeye hushona kofia mbili zaidi kwa wiki na macho yake yamekuwa mekundu. Chumba kimoja tumekirudisha kwa mwenye nyumba.

Kosa la kuhesabu ni langu, sikatai, na marehemu babangu simtii lawama. Lakini mtu akimwona mwenzake yuwaenda shimoni na gesi imo, akanyamaza, huyo ana neno la kusema. Nyapara ana lake, naye namngoja. Kwanza nakutaka wewe, afisa, uliyetia sahihi barakoa ambazo hazikutufikia, ukaja ukatia mkono kuondoka kwangu. Siku ile ulipoitazama tarehe yangu, kisha ukanitazama mimi, ulikuwa wafikiri nini? Neno moja tu, "ngoja", lingekugharimu nini? Usinijibu kwa barua. Waite wale wa kikao waketi tena, na mjane wa mwenzangu awepo, na mke wangu awepo, usimame ujibu kwa mdomo wako.