Kilima Anachotoka Mgonjwa

Nakumbuka siku moja Muyinga, wakati wa vita, mama mmoja alivyomnyanyua mtoto wake mwenye homa kali akatoka kituo cha afya bila dawa. Aliyemfukuza ni mimi, mwanangu, na wala sikumwambia neno baya.

Nilikuwa kijana wa Gitega, mtoto wa fundi cherehani, nimesoma kompyuta kidogo na kichwa kimevimba. Programu ya kuandikisha wagonjwa niliitengeneza ofisini kwetu Gitega. Muuguzi hata mmoja sikumwita, wa nini? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini mimi nilijiona nawajua wote. Niliweka visanduku vya kujaza: jina, ugonjwa, na kilima anachotoka mgonjwa, maana kwetu kilima ndicho kijiji cha mtu. Bila kilima mashine ilikataa kuendelea, na dawa haitoki.

Basi nikaipeleka kituoni Muyinga, nikakaa mwenyewe kwenye mashine kuandikisha, na yule mama alipofika nikamuuliza kilima chake. Alinitazama, akaitazama mashine, akashika njia ya Giteranyi karibu mbio. Mama Daforoza, muuguzi mkuu, alimfuata asimpate. Aliporudi alinishika mkono, wala hakupaza sauti.

"We kijana, kutaja kilima cha mtu siku hizi ni kumwonyesha kwa wanaomtafuta. Daftari yangu iko na jina moja na ugonjwa, basi. Mbona hukuniuliza?"

Papo hapo watu wenye bunduki wakaingia. Walitaka wagonjwa wote waliotoka upande wa Giteranyi. Wallahi niliogopa, maana watu wa wiki nzima, kilima kwa kilima, walikuwa ndani ya ile mashine. Niliwahi tu kuzima kioo. Mama Daforoza akawapa daftari lake. Wakapekua, wasione kilima hata kimoja. Mmoja akaniuliza mashine ina nini. Mama Daforoza akajibu kabla yangu.

"Hiyo bado inatengenezwa. Haijui kitu."

Walipoondoka nilifuta vilima vyote, nikakifuta na kile kisanduku chenyewe, huku nalia. Yule mama hakurudi. Tulituma watu kumtafuta, hawakumpata.

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Ukipewa kazi ya kompyuta ya hospitali, usianze na kompyuta. Kaa benchi moja na muuguzi siku nzima, uone anaandika nini, uone na anachokataa kuandika, kisha umuulize sababu. Akikwambia ondoa, ondoa, hata kama wakubwa wako watanuna.

Mungu akulinde, akupe masikio mapana, na akuepushe na kuzeeka ukijiuliza, kama mimi, iwapo mtoto yule alipona.