Picha Kubwa za Shangazi Zimepanda Bila Fremu

Zimepanda! Jamani, zimepanda zote, zimenyooka kama nguo zilizopigwa pasi, na hakuna fremu wala kioo wala msumari! Niko hapa ukumbi wa maktaba naandika hii kwa simu huku watu wananipiga vikumbo, kila mtu anataka kusimama karibu na sura yake. Ngoja niwaeleze, maana Shangazi yangu mkimwona mtadhani ni mpole. Si mpole hata kidogo.

Shangazi ana studio, chumba kimoja kati ya saluni na duka la vipuri, anapiga picha za pasipoti. Stuli, pazia jeupe, taa mbili, na maneno yake yaleyale kila siku: kaa wima, tazama hapa, usicheke. Akimaliza anasema "tayari". Sasa mtu akishasikia tayari, mabega yanashuka, pumzi inatoka, mwingine anacheka peke yake kwa jinsi alivyokuwa amejikaza. Hapo Shangazi anabonyeza tena. Kisha anamwonyesha mwenyewe na kumwuliza, hii niitunze? Akikataa, inafutwa palepale. Lakini wengi wanaipenda hiyo kuliko ile waliyoijia.

Kwa miaka mingi amekuwa akiomba ukuta mrefu wa maktaba atundike hizo picha za baada ya tayari, kila moja kubwa kama mlango. Mwaka huu mkuu wa maktaba akakubali, ila ukuta umepakwa rangi juzijuzi, kwa hiyo msumari marufuku, gundi marufuku, selotepu usiitaje. Na Ijumaa asubuhi zikiwa hazijapanda, ukuta unapewa wanakwaya na mabango yao. Mkuu alisema taratibu, huku anatabasamu, na ndiyo maana tuliogopa.

Baba, ambaye ni kaka yake, akasema si aweke fremu tu azisimamishe chini, ziegemee ukuta. Shangazi akamshika mkono hadi maktaba kwenye picha ya ufunguzi wa jengo, ile yenye fremu ya dhahabu na kioo kikubwa, inayotazamana na madirisha.

"Umemwona nani?" akamwuliza.

"Nimejiona mimi."

Basi. Sisi wasichana tunaitumia kuchania nywele siku zote, hata sijui ndani yake kuna nani. Baba kesho yake alinyoa ndevu vizuri, na habari ya fremu hakuirudia.

Picha zikaja zimeviringishwa, na hazikutaka kunyooka. Ukiikunjua inarudi yenyewe, kama inakudharau. Tukazitandaza chini ya godoro la Bibi, kwa sababu kitanda chake ndicho kipana kuliko vyote, na Bibi akaombwa asijigeuzegeuze. Asubuhi akatoka analalamika mgongo. Akasema amelala juu ya seremala na makondakta wawili, na babu yenu angekuwa hai angekuwa na maswali.

Zikanyooka, ila kuzitundika ndiyo ikawa kazi. Tulijaribu kwanza studioni, na selotepu ikashuka na kipande cha rangi ya ukuta, tukamshukuru Mungu kwamba hapo si maktaba. Tukajaribu kamba na vibanio vya nguo. Karatasi ikapinda katikati, pembe zikajikunja mbele, na vibanio vikaacha alama za meno juu ya kichwa cha mama wa kitambaa cha njano. Huyu mama alipiga picha ya pasipoti kwa sababu alikuwa anasafiri kwenda kufanya kazi mbali. Alipoiona ile ya pili alicheka mpaka akafuta macho, akamwambia Shangazi, siku ukiitundika mahali pakubwa nitafute. Shangazi akaahidi. Sasa picha yake ina alama za vibanio juu, na siku zinakwisha.

Shangazi alikaa kwenye stuli ya wateja. Mara akaniuliza ramani ya darasani kwetu inakaaje. Nikamwambia ina kijiti juu na kijiti chini, walimu wanaikunja na kuikunjua kila siku na haijawahi kupinda. Sijamaliza, tayari yuko mlangoni anavaa viatu.

Kwa seremala. Sasa seremala huyu ndiye yule aliyelaliwa na Bibi, sura yake imo, anacheka na pengo lake la mbele. Na yeye kazi yake ni kutengeneza fremu, kwa hiyo mnaweza kufikiria alivyopokea habari ya vijiti.

"Shemeji, picha bila fremu ni kama bwana harusi bila suruali."

"Nimekuomba vijiti, sijakuomba mavazi ya harusi."

Akakataa katakata. Akasema sura yake haitaning'inizwa kama chati ya wanyama, watu watadhani anagombea udiwani. Shangazi hakubishana. Aliifungua ile picha yake, akampa ukingo wa juu aushike, yeye akashika wa chini, wakaisogeza mlangoni penye mwanga. Kisha yeye akaachia. Seremala akabaki ameshikilia sura yake mwenyewe, pengo na yote, hakuna kioo katikati. Akaitazama muda mrefu. Chini karatasi ikawa inapeperuka.

"Hii haina uzito chini," akasema. "Kijiti cha chini lazima kiwe kinene kuliko cha juu."

Tukajua tumeshinda.

Alichana mbao nyembamba kama rula. Mbili zinabana karatasi juu, mbele na nyuma, mbili nene zinabana chini, zinakazwa kwa skrubu ndogo. Na kwenye ukumbi, chini ya dari, kuna bomba refu la pazia lililosahaulika tangu enzi za kuonyesha filamu, kwa hiyo ukuta haukuguswa. Alhamisi tulifunga nyuzi za nailoni, seremala juu ya ngazi, Shangazi chini. Kushoto kidogo. Kushoto kwako au kwangu? Kushoto kwa mwenye picha. Mwenye picha ni mimi! Waliokuja kusoma magazeti wakayaweka chini watutazame.

Mkuu wa maktaba akapitisha kiganja nyuma ya kila picha akitafuta msumari. Hakupata. Akaenda akawasha feni zote. Nikashika mkono wa Shangazi. Picha zikayumba, zikagonga ukuta kidogo, halafu vile vijiti vinene vikazivuta chini, zikatulia. Akazima feni. Akasema wanakwaya wataimba mbele ya picha hizi, wala hawahitaji mabango.

Leo Ijumaa wamejaa. Seremala anamwambia kila anayeingia kwamba fremu ni mambo ya zamani.

Ila mmoja hajaja. Picha ya mama wa kitambaa cha njano iko karibu na mlango, alama za meno zimefichwa kabisa chini ya kijiti, anacheka. Namba yake ya zamani haipatikani, na Shangazi alimwahidi. Tafadhali mtumie mwingine hii, naye amtumie mwingine, mpaka imfikie.